Usimchanganye Mungu na Mhubiri

6 Februari

Dada,

Umenikatia simu mara tatu. Sasa naandika, maana barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana tu, na hata ukiichana utakuwa umeshauona mwandiko wangu na kujua nimekasirika kiasi gani.

Shangazi ndiye aliyeniambia. Si wewe, dada yangu wa tumbo moja, bali shangazi, ambaye hata miwani yake hakumbuki alipoiweka. Anasema Kidoti yuko wodini tangu Jumamosi, kaungua mkono na bega. Alianguka kifafa jikoni. Nikamuuliza, kifafa kimetoka wapi tena, si ana miaka miwili hajaanguka? Akaanza kuulizia miwani yake. Nikambana. Ndipo akasema, "Huko kanisani kwao waliambiwa waache dawa."

Nilikuwa karakana, chini ya behewa, na kofia ya kuchomelea kichwani. Niliivua nikaitupa. Msimamizi akaja mbio akidhani nimepigwa na umeme.

Mtoto wa miaka minane, dada! Daktari alipotuambia asiache vidonge hata siku moja, tulikuwa tumekaa wote wawili, mimi nimempakata mpwa wangu. Umesahau? Nani amempa huyo mhubiri wenu cheti cha udaktari?

Lakini mimi sishangai. Watu hawa nawajua. Baba alipokuwa mahututi walizunguka kitanda chake wakamwambia anaficha dhambi, ndiyo maana haponi. Mtu aliyefundisha shule miaka thelathini bila kumwibia mtu hata chaki! Alikufa akiomba msamaha wa dhambi asizozikumbuka. Miaka kumi na moja sasa. Siku ile nilitoka kanisani na sijarudi, na wewe ukaniita mkaidi.

Haya, mkaidi anakuambia hivi: mchukue mtoto mje kwangu. Huyo Mungu wenu waachieni wanaomtaka.

Mdogo wako

*

14 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, nimesimama kati ya mashine za kufulia ili mtu asinione uso.

Kidoti ni mzima. Naanza na hilo, maana najua ndilo ulilotaka. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Alikuwa anaimba, mimi niko uani naanika. Nikasikia wimbo umekatika katikati ya neno. Nilipoingia alikuwa sakafuni anatetemeka, na sufuria ya maji ya moto imeshamwagika. Mkono wa kushoto, kuanzia bega hadi kiwiko. Vidole vimesalimika. Daktari anasema atapandikizwa ngozi, na mkono utafanya kazi, ila alama itabaki.

Unajua kazi yangu. Mashuka ya hospitali nzima yanapita mikononi mwangu. Juzi limeletwa furushi la wodi ya watoto, nikaona shuka lenye damu na dawa ya manjano, nikaligeuza nikaona namba ya kitanda. Cha kwake. Nimelifua, nimelinyoosha, nimelikunja pembe nne, nikaendelea na linalofuata. Hasira yako imekutupisha kofia. Yangu imenikunjisha shuka.

Na kama hilo halitoshi, Jumapili iliyopita mhubiri alisimama mbele ya watu wote akasema ajali ile ilitokea kwa sababu dawa ziliachwa kwa nusu moyo. Kwamba mtoto aliunguzwa na shaka iliyokuwa ndani ya nyumba. Mumu humu ndani ya nyumba yangu! Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa wodini. Niliambiwa na mke wa fundi cherehani, aliyeniletea uji huku analia.

Kwa hiyo usinifundishe kukasirika. Nimekutangulia. Lakini unisikie vizuri: mimi nimemkasirikia mhubiri. Wewe unataka nimkasirikie na Mungu, kana kwamba hao wawili wanakula sahani moja. Usinichanganyie. Yesu ninayemsoma mimi hakuwahi kumuuliza mgonjwa kwa nini anaumwa ili watu wamcheke. Nikimwacha Yeye leo, nitakuwa nimesimama juu ya nini? Juu ya hasira yako?

Usiniguse hapo.

Dada yako

*

23 Februari

Dada,

"Dawa ziliachwa." Hivyo ndivyo ulivyoandika. Ziliachwa! Zina miguu? Zilitoka kabatini zenyewe zikaenda matembezi?

Mimi si mjinga. Nimekujua tangu unanifunga vifungo vya shati. Ukificha kitu unaandika kama karani wa serikali. Unamficha mtu, na mtu mwenyewe namjua. Ni mumeo. Mtu wa maneno machache, kila Jumapili yuko mstari wa mbele, friji la kanisa likiharibika anatengeneza yeye. Mhubiri akisema ruka, yeye anauliza dirisha lipi.

Nimemwandikia. Nimempelekea karatasi tatu, mbele na nyuma. Nimemwambia mwanamume anayemnyima mwanawe dawa ili asifiwe na watu hafai kuitwa baba. Nimemwambia mengine ambayo sitayarudia kwako. Pia nimempigia baba mkubwa, na amekasirika kuliko mimi. Anasema ukoo utakaa.

Kuhusu utasimama juu ya nini: juu ya miguu yako, dada. Wengine ndivyo tunavyofanya.

Mdogo wako

*

2 Machi

Shemeji,

Salamu. Barua yako imefika. Nimeisoma yote, mbele na nyuma.

Lililotokea limetokea nyumbani kwangu, na mimi ndiye baba wa nyumba hiyo. Kwa hiyo uliyosema nimeyapokea.

Nina ombi moja. Dada yako usimwandikie kwa ukali kwa sasa. Hali vizuri, halali vizuri. Kama una ukali uliobaki, niletee mimi.

Kidoti anakusalimu. Amejifunza kuandika kwa mkono wa kulia akiwa amelala chali.

Shemeji yako

*

9 Machi

Dada,

Amekiri. Ninayo barua yake hapa. Hakukana hata neno moja. Anasema ameyapokea! Kama mtu aliyepokea kifurushi posta. Nilitegemea angalau ajitetee, nikakosa hata wa kugombana naye.

Sasa basi. Baba mkubwa na shangazi wanakuja kwenu Jumamosi ya tarehe 16. Watakuchukua wewe na mtoto. Panga nguo zako. Mumeo akibaki na mhubiri wake watafaana.

Usiniambie kuhusu kiapo cha ndoa. Niambie utakuwa tayari saa ngapi.

Mdogo wako

*

12 Machi

Mdogo wangu,

Waambie wasije. Soma barua hii mpaka mwisho kabla hujapiga kelele.

Ni mimi.

Ndiyo, mimi niliyekaa nawe mbele ya daktari. Jumapili ya tatu ya Desemba mhubiri aliwaita mbele akina mama wenye watoto wagonjwa. Tulikuwa watano. Akapitisha kikapu, akasema anayemwamini Mungu kweli atie dawa humo. Wa kwanza akatia, watu wakapiga makofi. Wa pili akatia. Mimi nilikuwa wa nne. Chupa ilikuwa mkobani, maana ulikuwa wakati wake wa kumeza. Nilihisi macho ya watu mia mbili mgongoni. Sikumwamini Mungu pale, mdogo wangu, nisikudanganye. Niliogopa watu. Nikatia. Wakapiga makofi, na mimi nikalia, wakadhani ni Roho.

Mume wangu hakuwepo. Alikwenda kutengeneza friji la machinjio. Jioni akauliza, mtoto amemeza? Nikasema amemeza. Aliposikia habari za kikapu, nilimwambia chupa nyingine ipo kabatini. Amemeza, nilimwambia hivyo kila siku kwa wiki saba. Nikiwa nimesimama mbele ya kabati tupu!

Alijua wodini, daktari alipouliza. Nilisubiri anipige, au aniache, au aseme lolote. Akasema tu, "Na mimi nilipaswa kufungua kabati." Basi. Hajalirudia tena. Watu wa kanisa walipomuuliza kama shaka ilikuwa yake, hakukana. Shangazi alipouliza, hakusema.

Na barua yako hakuniambia. Nimeikuta leo kwenye mfuko wa ovaroli yake nilipokuwa nafua. Karatasi tatu. Imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imeanza kukatika. Nilisoma uliyomwita. Alikuwa anatembea nayo kifuani, anapanda ngazi za watu nayo, anatengeneza friji za watu nayo, ili jina hilo lisinifikie mimi ninayelistahili.

Nilikaa kwenye marundo ya mashuka nikajaribu kuomba. Nikaanza kama tulivyozoea, Baba tunakushukuru kwa ulinzi wako, nikashindwa. Ulinzi gani? Nikaanza tena na kumshtaki mhubiri, nikaona hata hilo, ingawa ni kweli, ni la kujifichia. Mwisho nikasema tu, "Bwana, ni mimi niliyefanya." Kwa sauti. Mwenzangu wa zamu alizima mashine akidhani namwita.

Nilidhani nikisema hivyo nitazama moja kwa moja. Sikuzama. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo. Sifa ilikuwa imeondoka, mhubiri ameondoka, wewe umeondoka zamani, hata mimi mwenyewe sikuwa na sababu ya kujitetea. Na chini ya hayo yote kulikuwa na Mtu, na hakunifukuza. Alinijua na alikuwa amebaki.

Ndiyo maana naweza kukuandikia. Jumapili nitayasema mbele ya wote.

Sasa piga kelele.

Dada yako

*

17 Machi

Dada,

Niliichana barua yako. Kisha nikaokota vipande nikaviunganisha kwa gundi ya karakana, na sasa inanuka kama bomba jipya.

Sina maneno mazuri. Nimekukasirikia mpaka mikono inatetemeka, na mtu wa kuchomelea akitetemeka mikono hupewa ufagio. Siku tatu nimefagia. Wiki saba, dada! Kila siku ulimwona anacheza, kila siku ulijua!

Baba mkubwa nimemzuia. Nilimwambia nilikosea mtu. Akaniuliza, basi ni nani? Nikakata simu. Kumbe tabia hii ni ya familia.

Shemeji nimemwandikia mstari mmoja: nisamehe. Nilitaka iwe ndefu, kila neno nililoliongeza likawa la kujisafisha.

Lakini swali langu halijaondoka, na safari hii siulizi kwa kejeli. Unasema imani ni ya kusimamia. Uliposimama mbele ya kikapu, ilikuwa wapi? Msingi gani huo unaomwacha mtu aanguke hivyo, halafu unajitokeza mtoto akishaungua?

Nijibu. Usinipe mahubiri.

Mdogo wako

*

25 Machi

Mdogo wangu,

Nitakujibu, lakini kwanza nikusimulie ya Jumapili, maana ukisikia kwa shangazi utasikia nimempiga mhubiri kwa kiti. Sikumpiga. Nilitamani.

Wakati wa ushuhuda nilinyoosha mkono. Mhubiri akafurahi, akadhani nakuja kutubu shaka yangu. Akanipa maiki mwenyewe. Nikasema, "Mimi ndiye niliyeacha kumpa mwanangu dawa. Mume wangu hakujua, nilimdanganya. Mnaomnyooshea kidole, nyoosheni hapa." Watu wakaguna. Nikageuka nikamtazama. "Na aliyenipitishia kikapu ni wewe."

Akatabasamu, akasema, "Dada yetu ana uchungu. Wapendwa, tunyooshe mikono tumwombee."

Nikasema, "Utaniombea baadaye. Kwanza nisikilize. Ulisema mwanangu aliunguzwa na shaka. Aliunguzwa na maji, kwa sababu mama yake aliogopa kuaibika mbele yako. Hilo ni kosa langu, na nimeliungama kwa Mungu na kwa mume wangu. Lako utaliungama lini?"

Akamwashiria mpiga kinanda apige, anifunike. Yule kijana aliniangalia, akamwangalia, akaondoa mikono kwenye kinanda akaikalia. Ndiyo, aliikalia, kama mtoto anayeogopa itaponyoka.

Ndipo akasimama mmoja wa wale mama watano, yule mfupi anayeuza vitambaa, mwenye mtoto wa pumu. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilitia chupa tupu. Dawa niliziacha nyumbani. Nimeimba hapa miezi mitatu mwanangu amepona, na kila asubuhi anavuta dawa yake chooni." Watu wengine wakacheka, wengine wakaanza kulia. Mimi nilikasirika upya. Mama kumficha mtoto chooni ili avute pumzi! Nyumba ya Mungu, na watu wanaingia na chupa tupu kwa hofu!

Mhubiri akasema wote wawili tumeingiliwa na roho ya uasi. Hapo fundi cherehani, mzee wa kanisa, unayemkumbuka kwa kunong'ona, akainuka. Hakunong'ona.

"Mchungaji," akasema, "mwaka jana jino lilipokuuma ulikwenda wapi?"

"Hayo hayahusiani."

"Ulikwenda kwa daktari wa meno. Nilikupeleka mimi kwa pikipiki yangu. Ulinishika kiuno njia nzima unalia. Sikukuuliza imani yako iko wapi. Nilikuuliza kama nipunguze mwendo."

Sijawahi kusikia kanisa likicheka vile, na si kicheko cha furaha. Mhubiri akazima maiki. Mume wangu, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akatembea mpaka mbele, akanishika mkono. Nilidhani ananitoa nje. Akanipeleka mstari wa mbele, kwenye kiti chake, akakaa kando yangu. Tukabaki hapo mpaka mwisho wa ibada, tunatazamana na mhubiri aliyekuwa anahubiri bila maiki.

Wazee walimwita wiki ile ile. Hakutokea. Jumapili hii ameondoka na zaidi ya nusu ya watu, na spika zote mbili. Wanakusanyika kwenye ukumbi wa jirani na sauti yake inatufikia mpaka humu. Watu bado wanamfuata, nakuambia ukweli, na wawili kati ya wale mama watano wako naye na watoto wao. Jana nilikwenda kwa mmoja wao nikasimama mlangoni. Hakunifungulia. Nitarudi. Mwingine nimempa muuguzi jina lake. Mhubiri mwenyewe tumemshtaki kwa ofisi ya afya, barua nimeandika mimi na nimesaini jina langu, na kosa langu limo ndani.

Najua utaniuliza: mbona hukuhama? Sikuhama kwa sababu kanisa si shati la mhubiri. Mimi nilibatizwa humo. Atakayetoka ni anayedanganya.

Sasa swali lako. Nilipotia ile chupa, imani ilikuwa wapi? Nimelifikiri siku nane. Ilikuwepo, mdogo wangu. Mimi sikuwa nimesimama juu yake. Nilikuwa nimesimama juu ya makofi. Nilidhani ni kitu kimoja, kwa sababu makofi yalikuwa yanapigwa kanisani. Kristo hakuniambia nitupe dawa. Ningemsikiliza Yeye badala ya watu mia mbili, ningerudi kukaa na chupa yangu, nimeaibika, na mwanangu mzima. Kuhusu kwa nini hakunizuia kwa nguvu, sijui. Namuuliza kila siku, na simuulizi kwa upole. Ila sijaona mahali pengine ambapo naweza kusema nilichofanya, chote, bila kupunguza, na bado niamke asubuhi nimpe mtoto kidonge, nikafue mashuka, nikamgongee yule mama mlango. Miguu yangu uliyonisifia isingeweza. Niliijaribu.

Hayo si mahubiri. Ungeuliza kwa kejeli nisingejibu.

Kidoti anapandikizwa ngozi Alhamisi ya tarehe 4.

Dada yako

*

30 Machi

Shemeji,

Safari hii nakuandikia wewe, na kwa karatasi moja.

Nimeomba ruhusa kazini. Nitafika Jumatano jioni, niwepo mtoto akiingizwa chumba cha upasuaji. Nitalala sebuleni, msinitandikie chochote cha maana.

Ile barua yangu uichome. Dada anasema ulitembea nayo. Kwa siku kumi nimejaribu kufikiria ningefanya nini ningekuwa wewe, nimebeba jina la uongo na ukweli uko mfukoni mwangu pamoja nalo. Ningeutoa siku ya kwanza, nikaupaza. Sijui ulipata wapi nguvu ya kutofanya hivyo. Nina hofu kwamba najua.

Dada bado nimemkasirikia. Nitamwambia mbele yake, kisha nitamkumbatia, sijui kwa mpangilio gani. Mhubiri nimemkasirikia zaidi, na kwa yule mama asiyefungua mlango nitakwenda na dada. Mimi nina uzoefu wa milango ya chuma.

Jumapili, kama nafasi ipo, niwekee kiti karibu nawe. Usitangazie watu. Siahidi kuimba, wala sitainua mikono. Nina maneno na Mungu, ya miaka kumi na moja, kuhusu mzee mmoja aliyekufa akiomba msamaha bure. Ni maneno makali. Dada anasema hamkimbii mtu.

Nakuja kuona.

Shemeji yako